Cheche Kwenye Sherehe ya Ofisi

Mwaka nilioajiriwa kuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya bima, wafanyakazi walikuwa bado wanaruhusiwa kuja na wenzi wao kwenye sherehe ya Krismasi. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya kicheko chake, ambacho kikishalipuka hujui kitaishia wapi. Ofisini kwetu hakuwahi kuvuka geti. Jioni alinisubiri nje, ameegemea baiskeli.

Nilipomwambia tumealikwa, aliitazama mikono yake iliyojaa vidoa vya moto.

"Basi nifundishe," akasema. "Nisije nikakutia aibu mbele ya wakubwa."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kitu. Nikamwendea mpokea simu, mama wa makamo tuliyemwita Dada Mkubwa, ambaye alikuwa amekula Krismasi nyingi pale kuliko hata mkurugenzi. Alinipa masharti huku simu zikilia. Tusifike wa kwanza wala wa mwisho. Tusijaze sahani, wala tusiongee sana. Habari za mishahara tusiziguse, hata kwa utani. Mkurugenzi akicheka tucheke, ila tusimpite. Na muziki ukipigwa, mtu asinyanyue mguu mpaka mkurugenzi afungue na mkewe.

"Na huyo mumeo," akaongeza, kiganja chake kikiwa kimeziba simu, "kicheko akiache nyumbani. Huwa nakisikia mpaka huku ghorofani."

Jioni ile nikipiga pasi shati lake, Cheche alifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, kikombe cha maji mkononi, kana kwamba ni soda. "Shikamoo mzee. Nashukuru mzee. Hapana mzee, nimeshiba." Mimi nikageuka mkurugenzi, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwitikia kwa sauti nzito: "Marahaba, kijana, marahaba." Tulicheka mpaka nusura niunguze kola.

Sherehe ilifanyika kwenye chumba chetu cha kuchapia. Meza zilisukumwa ukutani, mashine zikafunikwa, na madirishani mtu alikuwa amebandika pamba kwa sabuni ili ionekane theluji. Watu waliogombania rula asubuhi ya siku hiyo walikuwa wanapishana mlangoni kwa adabu: "Tangulia wewe, bwana." "Hapana, wewe kwanza." Kila mtu alinukia sabuni na alikaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Cheche alinishinda kwa kushika masharti. Aliweka paja moja la kuku sahanini, basi. Kabla ya kupiga makofi alinitazama kwanza. Mkurugenzi alipopita kusalimia, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nachomelea, mzee."

"Unachomelea nini?"

"Chuma, mzee."

Mkurugenzi alisubiri, akaona hakuna la zaidi, akaenda zake. Nilimfinya mume wangu chini ya meza. "Si ulisema nisiongee sana?" akaninong'oneza.

Muziki ukapigwa kutoka kwenye redio ya kaseti. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili nao ukaisha. Hakuna aliyenyanyuka. Mkurugenzi alikuwa ameumia goti mwezi ule na alikuwa na fimbo ubavuni. Kufungua dansi hakuweza, na sisi tulikuwa tunamngoja. Mkewe, mama mnene mwenye uso mpole, alikaa pembeni yake. Tangu tufike hakuna aliyemsogelea, maana kila mtu aliogopa kukosea. Chini ya kitambaa cha meza, mguu wake ulikuwa unafuata ngoma.

Cheche aliuona mguu ule. Akaweka glasi chini.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Mama wa watu anateseka," akasema, na alikuwa ameshasimama.

Alikivuka chumba kizima peke yake. Dada Mkubwa alifumba macho. Mimi nilianza kuhesabu mshahara wangu wa mwisho.

"Shikamoo mzee," tukamsikia. "Naomba ruhusa nimchezeshe mama."

Mkurugenzi alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Unaniuliza mimi? Muulize mwenyewe."

Mama alikuwa ameshavua viatu.

Walicheza vibaya sana, wote wawili. Cheche alimkanyaga, akaomba radhi, akamkanyaga tena, na hapo mama akacheka kwa sauti ambayo ofisi haikuwahi kuisikia kwake. Cheche akashindwa kujizuia. Kicheko kikamtoka chote, na chumba chote kikalipuka naye. Mhasibu akamvuta mfagizi, Dada Mkubwa akamshika dereva, na pamba zikaanza kudondoka madirishani kwa vishindo vya miguu. Mkurugenzi alichechemea mpaka nilipokaa, akavuta kiti.

"Huyo ni wa kwako?"

"Ndiyo, mzee."

"Mtunze," akasema, akiwaangalia wanaocheza. "Mke wangu hajacheka hivi tangu watoto waondoke nyumbani."

Kuanzia hapo, kila Desemba ilipokaribia, swali la kwanza ofisini lilikuwa kama Cheche anakuja. Baadaye mkurugenzi alistaafu, sherehe zikahamia hotelini, wenzi wakaacha kualikwa. Leo wanakula, wanapiga picha, wanaondoka. Siwalaumu. Ila hata nikipita njia tu nikanusa sabuni ile, namwona amesimama mbele ya kabati na kikombe chake cha maji.

Cheche alipofariki, mama yule alikuja msibani, mzee tayari, ameshikwa mkono na binti yake. Aliketi chini kati ya wanawake waliokuwa wanalia, akaanza kuwasimulia jinsi fundi mmoja alivyomkanyaga vidole mbele ya ofisi nzima. Alisimulia vizuri. Wifi zangu wakaanza kucheka wakiwa na machozi, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu alipolazwa hospitali. Chai ilipokwisha, akaomba kitambaa, akasogea kwa waliokuwa wanaosha vyombo, akaanza kukausha vikombe.