Robo ya Sinia

Ngusa alikwama asubuhi, watu wote wakiwa macho. Angekwama mchana, wenzake wamejilaza chini ya turubai, pengine angejinasua kimya kimya na habari ikaishia humo humo shimoni. Lakini mkuu wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hushuka wa kwanza, ndiyo kawaida ya machimbo ya upande wote huu wa Katoro. Anashuka kusikiliza hewa na kugonga matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, kisha anapaza sauti wenzake wamfuate. Siku hiyo sauti ilipazwa, ila haikuwa ya kumwita mtu.

"Vuteni juu," alisema Ngusa kutoka chini.

Wakavuta. Kamba ikaja kidogo, ikagoma.

Mahali penyewe walipaita Shingo. Chini kidogo ya mdomo wa shimo, njia ilipita katikati ya majabali mawili, na mtu alitakiwa anyooshe mikono juu, atoe pumzi, ateleze. Aliyelichimba pengo hilo ni Ngusa mwenyewe, enzi hizo mbavu zake zikihesabika kwa mbali, na alipotaka kujua kama linatosha alitumia kiuno chake kuwa kipimo. Kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Kulipanua nako hakukuwezekana, maana majabali yale yale ndiyo yaliyoshikilia dari ya chumba cha chini, na hakuna aliyekuwa tayari kuyachokoza.

Kudra, mwenye winchi, Mmanyema wa Kigoma na mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyemaliza mambo. Alimimina sabuni ya maji kwenye kamba, ikatiririka mpaka tumboni kwa mkuu, wakavuta tena kwa pamoja. Ngusa akatoka akiwa mzima, shati likiwa halina kifungo hata kimoja.

Walingoja kwa heshima mpaka akakaa kitako. Halafu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote ni Mwita, kijana wa Tarime, mrefu na mwembamba, ambaye alishachukua kofia yenye taa na kuivaa.

"Pole sana mkuu," alisema. "Ngoja mimi nishuke, kazi isilale."

Jioni wakakaa kikao. Kudra alitoa uamuzi akitazama pembeni, kwa sababu alimpenda Ngusa na aibu ilimshika. Mwita angeshuka wa kwanza kwa muda. Mahindi yakikauka mashambani, Ngusa angejaribu tena mbele ya wote. Akipita Shingo, duara lake. Asipopita, atakuwa mtu wa winchi, na Mwita ndiye mkuu.

Ngusa alisema sawa, ikabidi. Lakini usiku ule alihesabu atakachopoteza. Shimo lile alilianza yeye pakiwa na nyasi tupu na mchwa. Alilijua kila kona, na chini kule ndiko mahali pekee duniani alipokuwa na hakika ya jambo. Kubaki juu akizungusha mkono wa winchi na kuwashusha wengine ndani ya shimo lake aliona ni kama kuzikwa akiwa hai, tena kinyumenyume.

Akampigia simu mkewe, Lusia, aliyekuwa nyumbani Didia na watoto. Mama huyo alimsikiliza akieleza kwamba anataka kupungua, kisha akapandwa na hasira ambayo Ngusa hakuitegemea.

"Baba Esta, kitambi ni afya. Ukija huku umekonda, watu watasema machimbo yamekushinda, au mimi nimekutupa. Unataka nisemwe?"

Kesho yake Ngusa alikwenda zahanati kuuliza njia ya kupungua. Nesi aliitwa Agnetha, binti wa umri wa mwanawe wa kwanza. Alimwamkia shikamoo, akamsikiliza habari yote ya Shingo na ukuu, akamfunga kitambaa cha presha mkononi, akatazama mashine, akaipima tena.

"Baba, hii presha imepanda. Haijawa mbaya sana, lakini ukiendelea hivi hutaugombea huo ukuu wa shimoni. Utagombea pumzi."

Nesi akamwambia habari njema ni kwamba hahitaji kugeuza maisha yote kwa siku moja, wanaofanya hivyo huwa wanarudi walikotoka kabla wiki haijaisha. Aanze na sahani tu. Akachukua chaki, akachora duara kubwa juu ya meza. Hii ndiyo sahani yako, alisema. Nusu nzima iwe mboga za majani na matunda. Robo iwe ugali. Robo iwe maharage, dagaa au kipande cha nyama. Soda uiache, kiu uikate kwa maji.

Ngusa aliutazama mchoro ule kwa umakini aliotumia kutazama mwamba. Nusu, robo, robo. Aliona ni jambo la haki kabisa, tena jepesi. Alirudi kambini akiimba.

Sasa, pale kambini walikuwa wanaume sita na sinia moja. Paskalia, ambaye kila mtu alimwita Mama Edson, alipika ugali wa sinia zima, akauzungushia mboga na kitoweo, akautua katikati yao, nao wakanawa na kuanza. Ngusa tangu azaliwe alikuwa hajala peke yake. Alikula na baba na kaka zake kwenye moto wa jioni, alikula na vijana wenzake malishoni, akaja kula na wachimbaji. Neno sahani alipolisikia, kichwani mwake lilikuja sinia.

Mchana ule alinawa mkono, akaukata ugali kwa ukingo wa kiganja, akajitengea robo yake. Halafu akavuta nusu ya mboga yote upande wake, na robo ya dagaa.

Wanaume watano walimtazama.

"Mkuu," alisema Kudra taratibu, "una wageni?"

"Ni dawa," alijibu Ngusa. "Nimeandikiwa na nesi."

Mbele ya neno dawa hakuna mtu aliyethubutu kubisha. Wakagawana kilichobaki, wakasindikizia na maji. Ngusa alikula kwa bidii. Robo ya ugali wa watu sita ilimpa shida kuimaliza, na mboga ilielea kwenye mafuta ambayo Mama Edson aliyamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, lakini dawa ni dawa, akajikaza. Jioni akanywa tena dozi nyingine. Kidogo alishangaa kwamba watu wa mjini wanalalamika kuhusu mlo wa kupunguza mwili, maana yeye hakuwahi kushiba hivyo.

Aliporudi zahanati, suruali aliifunga kwa kamba ya katani kwa sababu mkanda ulikuwa umekataa. Agnetha alimpandisha kwenye mzani, akamshusha, akaupiga mzani teke kidogo, akampandisha tena.

"Baba, ulifuata nilivyokuambia?"

"Sikuacha hata mlo mmoja."

"Nielekeze. Hiyo sahani ni kubwa kiasi gani?"

Ngusa akatandaza mikono yote miwili.

Nesi aliweka kalamu chini. Halafu akauliza, "Unakula na nani?" Alipopata jibu alijifunika uso na daftari lake la mahudhurio, mabega yakawa yanatikisika, na ilichukua muda kabla hajaweza kuzungumza. Akamwambia basi anunue sahani yake mwenyewe, ndogo, ale peke yake.

Alinunua sahani ya bati yenye ua jekundu. Hilo ndilo kosa lililomgharimu zaidi. Mtu anayejitenga na sinia la wenzake huko machimboni ana sababu mbili tu: ama ana uchoyo, ama anahofia kuwekewa kitu. Siku ya kwanza walimwangalia tu kwa pembe ya jicho. Siku ya pili, Mama Edson alikuja akachota ugali kwenye sahani ya ua jekundu, akaula mbele ya macho yake, akachota na mboga, akala.

"Nimekula," alisema. "Sijafa. Kula sasa."

Ngusa aliona aibu mpaka masikioni. Akaiacha sahani, akamfuata jikoni, akamkuta anapuliza moto kwa hasira.

"Mama Edson, sikuhofii wewe. Naogopa kufa, na naogopa kubaki juu. Hayo mawili tu."

Akamweleza yote, presha, robo, nusu, na mzani kupigwa teke. Paskalia alisikiliza akiwa amekunja uso, na uso ukalegea kidogo kidogo.

"Na mimi nilidhani unajivuna," alisema. "Sasa kwa nini hukuja kwa mpishi kwanza? Huyo nesi anajua sahani. Sinia ninalijua mimi."

Tangu hapo mambo yalibadilika, bila tangazo. Mama Edson alianza kuleta mboga kwanza, yenyewe, kabla ya ugali. Mlenda, majani ya maboga, siku nyingine nyanya na matango yaliyokatwakatwa. Wanaume waliotoka shimoni na njaa hawana uwezo wa kukitazama tu chakula kilichofika, wakakila. Ugali ulipokuja uliwakuta wameshapunguza ukali. Dumu la mafuta alilifungia ndani ya boksi, akawa anapimia kwa kijiko cha chai. Asubuhi, badala ya maandazi, alichemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo Lusia alivituma kwa basi kutoka Didia baada ya Ngusa kumwapia kwamba hata akikonda hatakonda usoni. Chai ikaja na sukari kiduchu. Walinung'unika kwa siku chache, kisha wakasahau kunung'unika.

Lakini kuna jambo jingine lililomsaidia Ngusa, nalo hakulipanga. Mkuu wa duara hula zaidi ya wengine hata kama hataki. Nyama yenye mafuta husukumwa upande wake. Akitembea sentani, kule kwenye maduka na vibanda vya machimboni, wanunuzi wa mawe na wenye karasha za kusagia mawe wanamwita, mkuu njoo, mkuu kaa, na kabla hajakaa soda imeshafunguliwa na mishikaki imeshageuzwa. Kukataa ni kumtukana mtu. Miaka yote hiyo Ngusa alidhani anapenda kula, kumbe nusu ya tumbo lile ni heshima za watu.

Sasa heshima hizo zote zilikuwa zimehamia kwa Mwita.

Mwita alizipokea vizuri. Alikuwa kijana, na hajawahi kuitwa mkuu. Mafuta yakisukumwa upande wake, aliyala. Jioni alishinda sentani na kurudi akijichokoa meno. Ugali ukibaki kwenye sinia, naye akiwa mdogo kuliko wote, alilisafisha, kwa sababu chakula hakitupwi. Ngusa, aliyekuwa akizungusha winchi kila asubuhi, alianza kuhisi kamba inakuwa nzito. Aliona pia kwamba Mwita ameacha kushuka na koti. Baadaye akaacha na shati.

"Joto," alieleza Mwita.

Mahindi yakakauka. Siku iliyopangwa walikusanyika wote mdomoni mwa shimo, na Mama Edson akaja na mwiko mkononi. Ngusa alikuwa hajalala. Suruali ilimning'inia, mkanda ulikuwa umetobolewa matundu mapya, lakini Shingo haina habari na mikanda.

"Mkuu wa sasa atangulie apime hewa," alisema Kudra. "Kawaida ni kawaida."

Mwita akavua shati. Akatoa pumzi, akanyoosha mikono, akateremshwa. Kamba ikaenda, ikaenda, ikalegea.

Kisha sauti ndogo ikapanda kutoka chini.

"Vuteni juu."

Kudra alinyoosha tu mkono nyuma, na mtu akampa sabuni ya maji.

Mwita alipotolewa, aking'aa mwili mzima, hakuna aliyecheka. Walitaka sana, lakini walimtazama Ngusa kwanza, na Ngusa alikuwa anafunga kamba kiunoni. Alishuka taratibu. Mwanga wa juu ukapungua, ubaridi ukamgusa miguu, na majabali mawili yakamfikia kifuani. Alinyoosha mikono. Akatoa pumzi. Jiwe likamkwaruza upande mmoja, halafu upande wa pili, halafu halikuwepo tena.

Alikaa chini kwenye chumba alichokichimba mwenyewe, gizani, akalia. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa sababu ya mishikaki. Baadaye akainuka, akayagonga matimba moja moja kama alivyofanya siku zote.

"Mkuu," iliita sauti kutoka juu. Ilikuwa ya Mwita. "Hewa ikoje?"

Ngusa alijibu kwamba hewa ni safi, wamfuate.

Mchana huo watu wawili kutoka sentani walikuja kumpongeza, na soda mbili. Ngusa aliwashukuru sana, akasema ameapa, akaomba maji. Wakaona ana kiapo, wakamheshimu zaidi. Mboga ilipotuliwa, alimsogezea Mwita upande ulionona.

Mwita alikula akitazama chini. Wengine walipokwenda kujilaza, alibaki, akachora mchanga kwa kidole.

"Mkuu, yule nesi wako anapatikana siku gani?"

"Hata kesho yupo."

"Nitakwenda kesho."

"Vizuri, ng'wanawane, mwanangu," alisema Ngusa, akamsogelea karibu na kumshika bega. "Ila kabla hujaenda, keti nikueleze kwanza habari ya sahani."