Mafaili Tisa ya Wazee

Daktari mpya alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionipandisha hasira. Alinieleza kwamba mama ana maji kati ya pafu na utando wake, kwamba makohozi yamepimwa na hayana kitu, na kwamba kwa mtu wa miaka sabini na mmoja hiyo ni saratani. Kifua kikuu cha utando ni cha vijana, akasema. Huko alikosomea hakuwahi kukiona kwa mzee. Mama apewe dawa za maumivu, akapumzike nyumbani. Apumzike nani? Mama yangu hata wodini alikuwa akiwakunjia wenzake shuka kwa sababu zilimkera.

Mimi ni karani wa masjala ya hospitali hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa napanga mafaili, na wauguzi huniita Bi Vumbi. Udaktari siujui, lakini kusoma najua. Asubuhi ile nilivuta rejesta ya wagonjwa wa kifua nikaanza kuchambua. Kufika mchana nilikuwa na mafaili tisa ya wazee, wote na maji kifuani, wote makohozi safi, na wote walipokatwa kinyama cha utando kikapimwa, walikutwa na kifua kikuu. Ni marufuku faili kutoka masjala bila kibali. Niliyakumbatia yote nikapita nayo mbele ya bosi wangu.

Daktari aliyatazama, akaniambia naweza kufukuzwa kazi.

"Nifukuzwe kesho," nikamjibu. "Leo mama akatwe kinyama kipimwe. Huko ulikosoma wanaumwa vijana, sawa. Hapa kwetu wazee nao wanaumwa, na wamo humu."

Faili la kwanza alilisoma amesimama. La tatu alilisoma amekaa.

Majibu ya mama yalichukua wiki mbili: kifua kikuu. Akaanza vidonge, na kulalamika kuwa ni vikubwa mno. Barua yangu ya onyo nayo ikaja, nikaisaini bila kuomba radhi.

Siku hiyo hiyo daktari alikuja dirishani kwangu na karatasi yenye majina manne, wazee aliowarudisha nyumbani tangu afike. Hakunitazama usoni. Mafaili mawili niliyakuta kwenye rafu ya waliofariki. Nikamkabidhi, ayashike kwa mikono yake mwenyewe.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali. Nikachukua mkoba wangu.

"Hawa wawili waliobaki wana anwani," nikasema. "Twende."