Saini Chini ya Karatasi Nyeupe

Alhamisi asubuhi Evodie alipitia ukumbini kuangalia kama mapazia ya harusi ya mdogo wake yameshatundikwa. Syntiche alikuwa ameyachagua mwenyewe, rangi ya machungwa, baada ya kubadili mawazo mara nyingi hadi nyumba nzima ikachoka naye. Evodie alikuta wanaume wawili wako juu ya ngazi, na kitambaa walichokuwa wanatundika kilikuwa cheusi.

"Hii ni harusi gani ya kitambaa cheusi?" akauliza, bado na kicheko mdomoni.

"Si harusi, mama. Ni kilio. Maiti anafika kesho na boti ya Kigoma."

Kicheko kikamkauka. Harusi ilikuwa Jumamosi, yaani keshokutwa. Jumatano inayofuata Kwaresima ingeanza, na padri alishasema wazi kwamba hafungishi ndoa tena mpaka Pasaka. Ndugu za Caleb, bwana harusi, walikuwa wameshateremka kutoka Pepa mlimani na ng'ombe wao wa karamu, na wakati ule walikuwa Moba wanangoja boti ya kuja Kalemie. Na Mama Virginie, mama yake Caleb, hakuwahi kuficha kwamba kule mlimani kuna msichana mwingine, binti wa wafugaji wenzake, ambaye angempenda zaidi. Alikuwa amekubali shingo upande. Wakwe wa namna hiyo ukiwapokea vibaya siku moja tu, wanapata sababu waliyokuwa wanaitafuta, na kutoka hapo mpaka Pasaka wangekuwa na muda wa kutosha kumuoza Caleb kwa wanayemtaka wao.

Evodie alijua hayo yote. Alikuwa amemlea Syntiche tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, mshahara ambao hata ukija huja kwa kuchelewa. Kwa hiyo hakutembea kwenda kwenye biro, yaani ofisi, ya mwenye ukumbi. Alikimbia, mwanamke mzima, na kitenge chake kikamlegea njiani.

Mwenye ukumbi aliitwa Papa Anatole. Mtu mnene, mpole, anayenukia sabuni, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ambayo Evodie aliimbia kila Jumapili. Alikodisha ukumbi, viti, mapambo, wapishi na muziki, vyote kwa mkono mmoja. Alimpokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti.

"Nilikuwa nataka kukupigia, Mama Evodie."

"Papa Anatole, keshokutwa njo harusi ya mudogo wangu."

"Najua, mama. Lakini muntu amekufa. Niwaambie bangoje? Wenyewe walitaka mahali pa kukaa, mvua hii inanyesha kila siku. Nitakupa Jumamosi ingine."

"Jumamosi ingine ni Kwaresima."

"Basi kisha Pasaka. Iko mu kontra."

Akafungua droo, akatoa karatasi ya mkataba. Chini kabisa ilikuwepo saini ya Evodie, ya mviringo, safi, saini ya mtu anayeandika ubaoni kila siku. Juu yake yalikuwa yamepigwa maneno ambayo hakuwahi kuyaona maishani mwake: kwamba ikitokea dharura mwenye ukumbi anaweza kusogeza siku ya sherehe atakavyoona yeye, na kwamba avansi, yaani malipo ya awali, iliyokwisha kutolewa hairudi kwa sababu yoyote. Alisoma mara mbili. Herufi zilikuwa kubwa na wazi, hakuna cha kusingizia macho.

Tuseme ukweli jinsi ilivyokuwa, maana hapa Kalemie wengi wameshafanya hivyo na bado wanafanya. Mwezi wa kwanza Evodie alipokuja kufanya mapatano, umeme ulikuwa umekatika na mashine ya kuchapisha imelala. Papa Anatole akamwambia, kama alivyowaambia wote, atie saini chini ya karatasi nyeupe. Umeme ukirudi yeye atapiga maneno waliyoelewana juu yake. Ndivyo biro ile ilivyofanya kazi. Evodie aliwaza kumwambia ayaandike kwa mkono, ni maneno machache tu, hata maji ya chai yasingechemka kabla hajamaliza. Lakini huyu ndiye aliyempa noti ya kuanzia wimbo kila Jumapili. Kumwambia "andika kwanza" ingekuwa sawa na kumwita mwizi, na neno lingefika kwenye kwaya kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Basi akaona haya, akasaini, akaaga kwa heshima, wala hakurudi kudai nakala. Na heshima ile aliyoibeba yeye, Papa Anatole hakuibeba hata kidogo siku alipokaa mbele ya mashine yake.

"Hatukusema maneno haya," Evodie alisema.

"Lakini saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa, mama?" akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini.

Kutoka pale Evodie alikwenda kwa mwanasheria mmoja mwenye biro karibu na mahakama, kijana mwenye tai iliyopauka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama kulikuwa na shahidi. Hapakuwa na shahidi. Kama alipewa nakala. Hakupewa. Kama alichora hata mstari mmoja juu ya jina lake, ili asiongezwe maneno. Hakuchora. Kijana akasema kesi inawezekana, pengine hata atashinda, ila asitegemee kuimaliza mwaka huu. Evodie akamshukuru.

Akarudi kwa Papa Anatole. Safari hii hakuketi. Alimuomba kama anavyoombwa askari kwenye kizuizi cha barabara, akamtajia marehemu mama yake, akamtajia Mungu, akamwambia huyu Syntiche unamjua, amekua mbele ya macho yako. Mwisho yule bwana akapangusa jasho na kusema hivi: wenye kilio wakiachia ukumbi kwa mdomo wao wenyewe, yeye atampa Jumamosi yake kama walivyoelewana. Yeye lakini hawezi kuwaambia, haya zinamshika.

Haya zinamshika! Mtu aliyeuza siku moja mara mbili. Evodie akauliza msiba uko wapi.

Ulikuwa mtaani Kataki, kwenye kiwanja chenye uzio wa matete. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, na katikati yao mjane, Mama Claire, kichwa kimefungwa kitambaa, macho yamevimba. Mumewe alisafirisha mizigo ziwani na alifia hospitalini Kigoma. Evodie akapewa nafasi kwenye mkeka bila kuulizwa chochote, kwa sababu anayeingia msibani huhesabiwa kuwa amekuja kulia. Alijichukia. Mara kadhaa alifungua mdomo na neno likagoma, na kila lilipogoma aliiona sura ya Syntiche akijipima gauni mbele ya kipande cha kioo.

"Ulimujua bwana yangu wapi?" Mama Claire akamuuliza hatimaye.

"Sikumujua, mama. Nisamehe." Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Wanawake wa karibu wakageuka. Mmoja akasonya.

Mama Claire hakukasirika. Alionekana mtu ambaye hasira imeshamuishia. "Miye sikutafuta ukumbi ile," akasema. "Papa Anatole njo alikuja hapa mwenyewe, akatuambia iko wazi siku zote. Kama nyiye mulitangulia, ni yenu. Bwana yangu tutamulilia hapa hapa, chini ya bashi."

Shemeji zake wakanung'unika. Walitaka kumlaza ndugu yao mahali penye heshima, si chini ya turubai linalovuja. Yeye akainua mkono mmoja tu, wakanyamaza. Evodie akambusu mkono ule na kuondoka akilia, na kilio chake kilikuwa cha shukrani na aibu, hata yeye hakujua kipi kilizidi.

Ijumaa boti ya Moba ikafika. Na hapa ndipo Evodie alipokosea tena, kwa furaha. Badala ya kuwapeleka wageni nyumbani wakaoge na kula, akataka kwanza Mama Virginie auone ukumbi kwa macho yake, aache kabisa maneno ya wakwe maskini. Wakapanda wote barabara kutoka bandarini, Mama Virginie mbele na mwavuli wake, Caleb akiburuta sanduku, Syntiche akicheka kwa kila kitu kama mtu aliyelewa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka.

Mlangoni pa ukumbi wakakutana na wanawake wa msiba wanaotoka. Vitu vyao walikuwa wameshavipanga mle tangu Alhamisi, na sasa walikuwa wamekuja kuvihamishia Kataki. Walibeba mikeka vichwani, na magodoro, na ile picha kubwa ya marehemu iliyofunikwa na nailoni isilowe. Waliimba wimbo wa kilio, polepole.

Mama Virginie akasimama. "Munaenda wapi, bamama?"

"Tunahama," akajibu mmoja, yule yule aliyesonya jana. "Harusi imetufukuza."

Evodie alianza kueleza, haraka, kwa kuchanganya. Mama Virginie alimwacha amalize. Hakuwa mwanamke mkatili, na ingekuwa afadhali angekuwa, maana mkatili hutukanwa na mtu akapumua. Alikuwa ameogopa kwelikweli. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mama Evodie, weye sikukatai, na mutoto huyu simukatai," akasema. "Lakini mimi sitaingiza mutoto wangu mu nyumba bamefukuza mufu. Kwetu haifanyike. Siku hii imeshaingia kilio."

"Tufanye nyumbani kwangu, basi. Tufanye kanisani tu, mama. Nakuomba." Evodie alipiga magoti kwenye tope, mbele ya watu. Hakujali.

"Mahali si kitu. Ni siku njo imeharibika. Tutaonana kisha Pasaka."

Caleb akamtazama mama yake, akamtazama Syntiche. Baba yake alikufa zamani, na mama huyu ndiye angesimama upande wake kanisani. Bila yeye hakuwa na mtu. Akasema, "Pasaka si mbali," bila kumtazama yeyote machoni. Syntiche alikuwa ameacha kucheka. Aliokota mwavuli ulioanguka, akamrudishia Mama Virginie kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Wageni wakageuka kuelekea bandarini.

Jumamosi Papa Anatole alitimiza ahadi. Ukumbi ulifunguliwa saa waliyopatana. Mapazia ya machungwa yalining'inia, viti vilivikwa, wali, kuku na sombe vilikuwa vimepikwa vizuri, na jenereta liliunguruma nje ili umeme usije ukasumbua sherehe. Alisimama mlangoni na shati jeupe, akamwambia Evodie kwamba upande wake hakuna kilichopungua. Na kweli hakuna kilichopungua. Evodie alitamani kumpiga kofi, lakini akabaki anatazama masufuria.

Syntiche akaingia amevaa kitenge cha nyumbani. Tangu jana hakuwa ametoa chozi wala kumlaumu mtu, na ukimya huo ulikuwa unamuua dada yake.

"Yaya," akamwita mkubwa wake, "chakula iko moto?"

"Iko moto."

"Basi tubebe. Kule kwa kilio hawajakula."

Wakabeba, wao wawili na wapishi, mpaka Kataki. Mvua ilikuwa inapiga turubai, na maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye mikeka ya pembeni. Jeneza lilikuwa katikati. Wanawake wakapokea masufuria, na hata yule wa kusonya aliinama akapokea. Syntiche akatafuta nafasi, akaketi karibu na mjane.

Wimbo ulipopanda, akafungua mdomo na kulia. Alilia kwa sauti kubwa, mwili mzima, mpaka waliokuwa wanaimba wakapunguza. Mwanamke mmoja akamuinamia akamuuliza marehemu alikuwa nani yake.

"Mumuache," Mama Claire akasema, akimvuta yule binti kifuani pake. "Na yeye ana kilio yake."