Bibi Aliyewekwa Rafu ya Ndoa

"Mimi sijawahi kuhamisha karatasi hata moja," Sedekia, mtunza nyaraka, alijigamba wakinywa chai ya saa nne. "Nyaraka zinajisemea zenyewe. Kazi yangu kushika funguo tu."

Naima, anayepokea wageni katika ghala lile la kumbukumbu hapo Mbeya mjini, alikuwa na mdomo umejaa chapati, kwa hiyo hakubisha.

Chai haijapoa, akaingia Bibi Tupokigwe, aliyefariki mwaka 1957. Jumanne ndiyo siku yake. Akasaini kitabu cha wageni: atokako, kaburini, Rungwe; shida yake, ileile. Nyuma yake alikuja mjukuu wake Gwakisa, ambaye yu hai lakini ndiye aliyeonekana kuchoka zaidi.

"Shikamoo, bibi," Sedekia akasema.

"Marahaba. Umenihamisha?"

Sedekia akashusha pumzi kama tairi la bodaboda. Barua ya bibi, aliyoandika mwaka 1952 kudai shamba lake lililomegwa na mzungu wa chai, imo kwenye faili la Migogoro ya Ndoa. Kila nakala inayotoka inaandikwa jina la faili juu, kisha inagongwa muhuri. Wazee wa baraza la ardhi wakifika kwenye neno "ndoa" hawaendelei kusoma. Wanamshauri Gwakisa aende kwa mchungaji. Na kesho ndiyo kesho, kesi inaamuliwa: akishindwa, nyumba yake iliyo kwenye shamba hilo inavunjwa.

"Sijawahi kugombana na mume wangu," bibi alisema. "Yuko hapo nje, kamuulize."

Kweli alikuwepo, kwenye benchi, marehemu wa watu, anaota jua.

"Mbona hamnielewi jamani?" Sedekia alisema. "Karatasi inabaki palepale mkoloni alipoiacha. Nikianza kuzihamisha, nitakuwa natunga historia."

Mti wa chai ulioota kwenye rafu ya Ndoa, pale ilipo barua ya bibi, ulikuwa umefikia taa. Naima akachukua mkasi wa ofisi, akaupunguza.

Sedekia akaandika "Migogoro ya Ndoa", akagonga muhuri. Gwakisa akapokea nakala kwa mikono miwili, akaitazama, akaikunja.

"Mkoloni aliniacha rafu ya Ardhi," bibi akasema, akikaza kitenge chake. "Paa lilipovuja, ukatubeba kwenye maboksi. Rafu ya Ardhi ikajaa. Ukasema, 'Huyu si mwanamke? Atakuwa kagombana na mumewe tu.' Ukanitupia huku. Hukunisoma hata mstari mmoja."

"Nani kakudanganya, bibi?"

"Nani anidanganye? Nilikuwa ndani ya faili, baba. Nilikuona. Ulikuwa unatafuna karanga."

Akafungua pindo la kitenge, akamwaga mezani maganda saba ya karanga.

Naima akaacha kukata mchai. Akamtazama Sedekia.

Sedekia akayakusanya maganda taratibu, akayatia kwenye bahasha, akaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri kabisa: Mengineyo.