Kizingiti cha Mwishehe

Mama yake Mtoro alipofariki, mtaa mzima wa Dunda, Bagamoyo, ulikwenda kumtilia udongo kaburini, isipokuwa jirani yao Mwishehe. Mwishehe alikuwa kalala kwake, mguu umevimba hata hauwezi kukanyaga chini. Mtoro hakuuliza habari za mguu. Aliwahesabu watu makaburini, akamkosa mmoja, akarudi nyumbani na neno lake.

Neno lenyewe alimpa mkewe, Mwanabaraka, aliyekuwa kakaa ukumbini anamnyonyesha mtoto wao wa kwanza, Majaliwa, wa miezi minne.

"Mama Majaliwa, nisikilize. Siku utakayovuka kizingiti cha Mwishehe, talaka yako utaikuta papo hapo kizingitini. Sitaitamka mara ya pili."

Mwanabaraka akajibu kwamba amesikia. Alikuwa na miaka kumi na minane, na mume mwenyewe alikuwa mwema siku zote ila siku ya hasira, na siku ya hasira haikuja mara nyingi. Neno lile hakuliona zito. Ni kweli mke wa Mwishehe, Sikuzani, alikuwa shoga yake, wakisuka ukili wa mikeka pamoja kila siku. Lakini ua wa makuti una matundu, na maneno ya mashoga hayahitaji mlango.

Mwezi ukapita hivyo. Kisha Sikuzani akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Dija, na siku ya tano mama akashikwa na homa. Matiti yakawaka moto, halafu yakakauka. Mwishehe, mguu umepona, alikuwa kaenda Kiwangwa kutafuta shamba, kwani ujirani wa Dunda ulikwisha kumchosha. Nyumbani alibaki shangazi mmoja kizee, kiziwi, aliyekuwa akimlowesha mtoto midomo kwa maji ya mchele, na mtoto akiyacheua yote.

Siku mbili kichanga kililia. Aliyewahi kunyonyesha anajua kwamba kilio cha mtoto wa mwenzio hakibishi hodi. Kila Dija alipolia ng'ambo ya ua, kanga ya Mwanabaraka ililowa kifuani, na Majaliwa yuko mkekani, kashiba, kalala. Siku ya tatu kilio kikafifia, kikawa kama cha mwanapaka. Hicho ndicho kilichomwinua. Mtoro yuko Nunge kwenye mashamba ya chumvi, harudi ila alasiri. Mwanabaraka akajitanda kanga yake, akatoka, akapita mlangoni kwa Mwishehe kama apitavyo mtu yeyote.

Angeweza kuomba kichanga kipitishwe kwenye tundu la ua. Wazo hilo lilimjia baada ya miaka, na likamtafuna kuliko yote yaliyofuata. Ile siku halikuja.

Alikwenda siku tatu, akamnyonyesha Dija mara tisa. Siku ya nne homa ya Sikuzani ikashuka na maziwa yakarudi.

"Mwenzangu, umenirudishia mtoto," Sikuzani alisema, amemshika mkono hamwachii. "Sasa watu tuwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Ukisema tu, mimi nimeachika."

Wote wawili walijua ada. Mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake hutangaza. Humwambia mumewe, humwambia baba wa mtoto, huwaambia majirani, ili watoto wakue wakijua kwamba wao ni ndugu na kuoana kwao ni haramu. Lakini wakajipa moyo kwamba watoto wanakulia uwanja mmoja, wataambiwa wenyewe taratibu wakipata akili. Miezi miwili haikupita, Mwishehe akaja kuihamishia jamaa yake Kiwangwa. Na Dija alipotimiza miaka saba, habari ikafika mjini kwamba Sikuzani amekufa.

Mwanabaraka alimlilia shoga yake siku nyingi. Na ndani ya kilio kile, Mungu amsamehe, alijikuta anashusha pumzi. Yule shangazi kizee alikwisha kutangulia, na sasa aliyejua ni yeye peke yake.

Alimzalia Mtoro watoto wengine watatu, Mwaija, Husseni na Fatu. Kila alipozaa alimtazama mtoto vidole na masikio, kama anayetafuta alama ya kizingiti kile. Hakuiona. Mume akamwita mke wangu, na yeye akaitika.

Majaliwa alikua kijana wa miraba minne, akapata kazi ya kupakia mananasi na korosho kwenye lori la Kiwangwa. Mwaka ule wa hamsini na mbili, baada ya Ramadhani, alirudi nyumbani anacheka peke yake. Baba yake akamuuliza ana nini. Akasema amepata mchumba, binti Mwishehe, jina lake Dija.

Mwanabaraka alikuwa anapepeta mchele. Ungo haukumtoka mikononi, lakini hakujua tena anapepeta nini.

Mtoro akasema jambo ambalo mkewe hakulitarajia. Habari za mguu uliovimba alizipata siku nyingi, ila aibu ilimzuia kumfuata mtu Kiwangwa na kusema nilikosea. "Mungu si Athumani," alisema. "Kumbe njia ya kuombana radhi ilikuwa inakua humu humu ndani, inakula wali wetu." Akasema posa ataipeleka mwenyewe.

Tangu siku hiyo Mwanabaraka akaanza kuhesabu upya. Alikumbuka kwamba sheria ina idadi yake, lakini hakuwa na hakika ni ngapi. Mara tisa, naam. Lakini ile ya kwanza mtoto alikuwa mnyonge, huenda hakumeza. Basi nane. Na ile ya siku ya pili alilala ziwa likiwa mdomoni. Saba. Akiwa jikoni, akiwa kisimani, aliipunguza hesabu yake kama mtu anayepunguza mzigo njiani. Ilifika sita, ikagoma. Kila alipoigusa ile ya sita alimwona Dija vilevile, kashiba, kaliachia ziwa mwenyewe, tone la maziwa shavuni.

Akaenda kwa Mwalimu Haji, aliyewasomesha Kurani chuoni watoto wake wote. Akamwamkia shikamoo, akaketi mbali, akauliza habari za mwanamke mmoja wa Saadani aliyemnyonyesha mtoto wa jirani.

"Akimnyonyesha mara tano, na kila mara mtoto akashiba, huyo ni mwanawe," Mwalimu alisema. "Na wanawe ni nduguze. Ndoa kati yao haipo, hata wakifungishwa na nani. Huyo mwanamke wa Saadani aseme mapema, binti yangu. Leo ni aibu ya siku moja."

Swali la pili lilikuwa midomoni, lile la kizingiti. Kama talaka ilimpata mwanamke huyo mlangoni kwa jirani, na yeye akaendelea kulala na mume na kuzaa, watoto wale wataitwa wa nani? Aliwaona Mwaija na Husseni na Fatu, amemshika kila mmoja mkono, anawapeleka mbele za watu wakapewe jina baya. Akaliona hilo ndilo jibu, kabla hajauliza. Akamshukuru Mwalimu, akaondoka.

Njiani alikata shauri kwamba atasema, liwalo na liwe. Alipofika nyumbani alimkuta Mtoro kaikunjua kanzu yake ya Idi, anaitazama kwenye mwanga kama ina doa.

"Miaka ishirini nimembeba yule mtu moyoni," alisema, hata hakugeuka. "Kesho namtua."

Mwanabaraka akaichukua ile kanzu mikononi mwake, akaipiga pasi.

Posa ikakubaliwa. Wazee wawili wakakumbatiana Kiwangwa mbele ya watu, na wapo waliolia. Mwanabaraka alitwanga mchele wa harusi kwa mikono yake, na wanawake wakamtania kwamba mama mkwe gani huyu, anatwanga kama anayetwangia matanga. Akacheka nao.

Dija alikuja kukaa Dunda. Angekuwa mtovu wa adabu, pengine ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa msichana wa kuamka kabla ya mwenye nyumba, wa shikamoo mama kila alfajiri, wa kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi bila kuombwa. Siku moja, anakanda, alisema marehemu mama yake alikuwa akimtaja sana mama Majaliwa. Alimwambia akijaliwa kufika Bagamoyo amtafute, huyo mama ana neno lake atampa.

"Neno gani, mama? Mimi nilikuwa mdogo, nikadhani ni ushanga."

Mwanabaraka akasema ni zamani, amesahau.

Ilipotimu miezi mitano, mimba ya Dija ikaanza kucheza. Walikuwa wawili ukumbini, adhuhuri haijaadhiniwa, wanachambua dagaa. Dija akashtuka, akacheka, akaukamata mkono wa mama mkwe akauweka tumboni. "Sikiliza, mama. Mjukuu wako huyo, ana fujo kama baba yake."

Mtoto akapiga teke. Na Mwanabaraka, aliyenyamaza kwenye posa, akanyamaza kwenye mahari, akanyamaza siku ya harusi, akasikia sauti yake mwenyewe inasema:

"Dija, mimi nilikunyonyesha. Ukiwa na siku saba. Mara tisa."

Dija alicheka kidogo. "Basi ndiyo maana nakupenda hivi." Kisha kicheko kikaisha taratibu, uso ukabaki bila kitu. Akauondoa ule mkono tumboni mwake, akaulaza mkekani, polepole, kama mtu arudishaye chombo cha watu.

Siku ya pili walikaa kwa Mwalimu Haji. Mwishehe kaletwa na lori, Mtoro na Majaliwa wapo, na Mwanabaraka akaeleza yote tangu kizingiti. Mwalimu aliwatenganisha Majaliwa na Dija, na sauti yake ilikuwa ya upole mno. Kisha akamuuliza Mtoro kama neno la kizingiti alilinuia kweli. Mtoro akasema alilinuia. Basi, Mwalimu akasema, talaka ilipita siku ile ile.

"Na wanangu?" Mwanabaraka aliuliza. Lile swali lilikuwa limengoja tangu kabla ya posa.

"Wanao ni wa Mtoro, hawana doa. Baba hakujua, na asiyejua hana dhambi. Hata huyu aliye tumboni mwa Dija ana baba yake, na jina lake ni safi. Ungeniuliza ile siku ya mwanamke wa Saadani, ningekujibu hivi hivi."

Katika watu wote waliokaa pale, aliyejua alikuwa mmoja tu, na kila mtu alikuwa anamtazama.

Mwalimu akasema mlango wa heri bado haujafungwa, Mtoro akitaka anaweza kumwoa upya, nikahi ni ya dakika chache. Wakamngojea. Mtoro akasema yeye ameoa mara moja maishani, na yule aliyemwoa hamwoni hapa. Akavaa makubadhi yake, akatoka.

Majaliwa alimfuata mama yake hadi chini ya upenu. Hakupandisha sauti.

"Maziwa ulimpa mtoto mwenye njaa, mama. Kwa hilo nani atakulaumu? Nakuuliza jambo jingine. Ulijua kabla ya posa?"

"Nilijua."

"Ukatwanga mchele."

"Nikatwanga."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea alichotumwa kuchukua, akaenda zake. Jumatatu alipanda gari la Dar es Salaam, na tangu hapo salamu zake huletewa baba peke yake.

Mwanabaraka alihamia kwa kaka yake Seleman, Kaole, na kifurushi cha nguo na miyaa yake ya kusukia. Fatu humjia siku za Ijumaa. Hamuulizi neno, humsaidia kuchana miyaa. Siku nyingine huleta habari za mtaani, na safari moja alieleza kwamba wanawake wa Dunda siku hizi, mmoja akimpa ziwa mtoto wa mwenzake, hupaza sauti toka uani kwake, jamani nimemnyonyesha fulani, mnisikie, na uani kwa pili wanaitikia tumesikia. Mwanabaraka akasema ni vizuri. Akasema tena, ni vizuri sana.

Mwezi wa pili baada ya mvua alipita mwanamke wa Kiwangwa na tenga la mananasi kichwani. Mwanabaraka akamkaribisha maji, akamuuliza habari za huko, za mashamba, za Mwishehe. Mwanamke akasema Mwishehe mzima, binti yake Dija naye amejifungua salama, mtoto wa kike, ana nywele nyingi.

"Wamemwita nani?"

Mwanamke akafikiri, kikombe mkononi. Alisema siku ya kupewa jina alialikwa, na jina lilitajwa, lakini kulikuwa na watu wengi na yeye alikuwa jikoni. Ila alisikia watu wa nyumba ile wakisema jina hilo lisipelekwe huku pwani. Akarudisha kikombe, akajitwika tenga lake, akashika njia ya sokoni.