Unga wa Kiwanda cha Vigae

"Umewahi kufanya kazi kiwandani?" daktari aliuliza.

Kinyozi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Dada yake, aliyekuwa amekaa pembeni na bahasha ya picha za eksirei mapajani, alimshika mgongo mpaka kikatulia.

"Nimekuwa meneja," alisema kinyozi alipopata pumzi. "Tena meneja wa watu kumi na mmoja."

Daktari, msichana mwenye miwani mikubwa kuliko uso wake, akaanza kuandika. Dada akaona aseme kabla utani haujaingia kwenye faili.

"Anakutania, daktari. Huyu ni kinyozi tangu ana miaka kumi na tisa. Huo umeneja ulikuwa mchezo. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunacheza kwenye kiwanda kilichofungwa."

"Kiwanda cha nini?"

"Cha vigae. Vile vya kijivu vya kuezekea nyumba."

Kalamu ya daktari ikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti ingawa haikuwa na doa. "Kulikuwa na vumbi jeupe? Laini, kama limechanganyika na pamba?"

Ndugu wale wawili wakatazamana, na kabla hawajajua wanaulizwa nini, wakatabasamu. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita bila mtu kuwauliza habari za unga.

"Tele," alisema kinyozi.

*

Mtaa mzima ulimwita Meneja. Kibao cha duka lake la kunyolea kiliandikwa hivyo hivyo, Kinyozi Meneja, na wateja wageni walidhani ni majivuno. Dada yake aliitwa Karani, na hata leo, akiwa fundi cherehani mwenye wajukuu wawili, kuna watu wazima wanaompigia kelele barabarani, "Karani! Umeniandika?" Majina yote mawili yalitoka mahali pamoja.

Mama yao alikufa Meneja akiwa na miaka tisa na Karani sita. Baba alikuwa mlinzi wa kile kiwanda, na mwaka ule ule wenye mali walikifunga, wakaondoka na hesabu zao, wakaacha kufuli moja, rungu moja na baba. Shangazi mmoja alitaka kumchukua binti, mjomba akamtaka kijana. Baba alikataa. "Wanangu hawagawanywi kama nguo za marehemu," alisema, na kesho yake akawashika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, akaenda nao kazini.

Hakukuwa na mahali salama zaidi. Ukuta ulizunguka pande zote, geti lilikuwa moja, na funguo zake zilining'inia kiunoni mwa baba. Hakuna gari, hakuna mlevi, hakuna mbwa wa mtu. Mvua mbili zilipopita, uwanja wa saruji ulipasuka, na majani yakatoka kwenye nyufa kama nywele zinavyoota kwenye kichwa kilichonyolewa jana. Mibono ikasimama penye maegesho ya malori. Mmea wa kutambaa ukapanda ngazi za chuma mpaka ofisi ya juu, ukaingia dirishani, ukakaa kitini. Matangi ya kuchanganyia saruji yakajaa maji ya mvua na vyura, na juu ya bomba la moshi ukaota mti ambao hakuna aliyejua umepandaje. Ndege walijenga humo wengi hivi kwamba asubuhi baba alilazimika kupaza sauti akitaka kusikika.

Watoto wa mtaani wakaanza kuja getini kuomba waingie. Baba aliwahesabu wakiingia na kuwahesabu wakitoka. Meneja ndiye aliyeleta wazo kwamba kiwanda kifunguliwe upya. Alipuliza bomba la chuma likatoa mlio wa king'ora, wafanyakazi wakapanga mstari, na Karani, kwenye meza ya pipa lililopinduliwa, akawatia alama kwenye daftari kubwa walilolikuta ofisini. Hakujua kuandika bado. Kila mtu alimwekea mkwaju mmoja, na aliyechelewa akamwekea duara, na watu waligombana naye juu ya maduara yale mpaka machozi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mikate. Unga wake, lile vumbi jeupe, ulikuwa kwenye banda kubwa, ndani ya shimo lililokuwa chini ya mashine ya kusaga. Tundu la kuingilia lilikuwa jembamba, na kwa haki aliyepaswa kuingia ni Karani, maana ndiye mdogo kuliko wote. Siku ya kwanza walimwinamisha pale, akaona giza, akasikia kitu kikikwaruza, akalia kilio cha kuamsha wafu.

"Basi, mwacheni," alisema kaka yake. "Karani hafanyi kazi za mikono." Akavua shati, akajipenyeza yeye.

Tangu siku ile kazi ya unga ikawa yake. Aliingia na debe, akachota kwa viganja, akatoka mweupe kuanzia nywele hadi kope, na kabla hajatema mate alikuwa ameshakunja mgongo na kushika fimbo: "Wajukuu zangu, nipisheni nikae, vita vimenichosha." Walicheka mpaka wakaanguka kwenye majani. Waliukanda ule unga kwa maji ya tangi, wakaubandika kidevuni ukawa ndevu, wakaupuliza hewani ukaelea polepole na kung'aa juani.

Jioni, kabla ya kufunga geti, baba aliwasimamisha ukutani na kuwakung'uta nguo kwa kiganja, po, po, po, huku akiwalalamikia kwamba sabuni haiokotwi. Wingu likapanda kuwazunguka wote watatu. Karani alipenda sana dakika zile, kwa sababu ndipo baba alipowashika.

*

"Inaitwa asbesto," alisema daktari. Alieleza taratibu, bila haraka, kwamba nyuzi zake ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, kwamba zikishaingia hazitoki, na kwamba zinaweza kukaa kimya miaka thelathini, arobaini, ndipo zianze kudai. Saratani ilikuwa imeshika utando unaofunika mapafu. Dawa zilikuwepo za kupunguza maumivu. Za kuiondoa, hapana.

"Na wewe, mama," alimgeukia Karani, akamwandikia karatasi, "upige picha. Usikawie."

Walipotoka, Meneja aliketi kwenye benchi la korido, akajifunga vifungo vya shati kimoja kimoja kama mtu anayejiandaa kwenda harusini.

"Mzee asijue," alisema.

"Kaka, atauliza."

"Atauliza, utamwambia mapafu. Habari za kiwanda zisimfikie. Niahidi."

"Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua. Najua, methali zote nazijua, wateja wangu hawana kazi nyingine. Mimi sifichi maradhi. Namficha mtu. Niahidi, Karani."

Akaahidi.

Alikonda haraka. Ndani ya miezi minne suruali zake zote zilipita kwenye cherehani ya dada yake zikabanwa, mara mbili, mara tatu, mpaka kitambaa cha ziada kikawa kingi kuliko suruali yenyewe. Duka la kunyolea lilifungwa. Wifi yake Karani, mke wa Meneja, aliweka kitanda sebuleni karibu na dirisha, na wateja wa zamani wakaja mmoja mmoja kukaa naye. Aliwaangalia vichwa vyao na kusema, "Nani amekuharibu hivi? Mpeleke polisi."

Baba alikuja kila Alhamisi. Alikuwa na miaka sabini na minane, mnyoofu bado, na hakuja mikono mitupu, alileta machungwa. Aliyamenya kwa kisu chake kidogo, ganda moja refu lisilokatika, akayatenga vipande kwenye sahani, na Meneja alikula kimoja ili mzee aone kimeliwa.

Alhamisi moja, akimenya, baba alianza kuzungumza bila kuinua macho.

"Mnakikumbuka kile kiwanda?"

Karani alikuwa anakunja shuka. Mikono ikabaki hewani.

"Nimekaa nikawaza," alisema baba. "Mama yenu alipotutoka nilikuwa kama kuku aliyekatwa kichwa. Watu waliniambia mwanaume hawezi kulea. Na kweli, mengi nimekosea, sikusomesha inavyotakiwa, sikujenga. Lakini lile la kuwapeleka kule, mkacheza, mkacheka, lile nilipatia."

Ndege wa mtaani walisikika nje. Karani hakuthubutu kumtazama kaka yake.

"Ulipatia, baba," alisema Meneja.

Alilisema vizuri, kwa sauti nzima, macho kwa macho. Kisha akaomba maji, ingawa glasi yake ilikuwa imejaa.

Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, wifi akimpangusa uso.

*

Wiki tatu baada ya mazishi, baba aliingia kwenye kibanda cha ushonaji, akaketi kwenye benchi la wateja, kofia magotini. Karani alizima cherehani.

"Wewe ndiye ulikuwa unampeleka kwa daktari," alisema baba. "Aliumwa nini?"

"Mapafu, baba."

"Mapafu si ugonjwa, mapafu ni kiungo. Nauliza ugonjwa."

"Saratani."

"Hakuwahi kuvuta sigara."

Karani akashika kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakinyoosha pale ambapo hakikuwa na kunyanzi.

"Siku wanafunga," alisema baba, "fundi mitambo alinipa mkono wa kwaheri. Akaniambia, kijana, usikae sana kwenye lile banda, linakohoza watu. Nilidhani anasemea mashine zikizunguka, vumbi likiruka. Mashine zilikuwa zimekufa. Nikajiambia, vumbi lililolala litamfanya nini mtu?" Akageuza kofia. "Yule fundi alikufa kwa kikohozi. Mke wake alinieleza, nami nikampa pole, sikuunganisha. Sasa nimelala na hili jambo siku ishirini. Nijibu, mwanangu. Ni lile?"

Aliutafuta uongo. Alikuwa na wa kutosha, alikuwa amejitayarisha nao tangu korido ya hospitali, lakini hakuna hata mmoja uliokuja.

"Alisema nisikwambie," alijibu.

Baba akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Akatazama kiganja chake cha kulia. Alikitazama muda mrefu hivi kwamba mteja aliyefika mlangoni na gauni lake aligeuka akaondoka bila salamu.

"Na wewe umepimwa?" aliuliza hatimaye.

Karatasi ya daktari ilikuwa kwenye droo ya vifungo, miezi saba sasa, chini kabisa. Macho ya Karani yalikwenda kwenye droo.

"Chukua mkoba," alisema baba, akasimama.

Walipimwa wote wawili. Yule yule daktari wa miwani aliweka picha kwenye taa, ya baba kwanza. Mapafu yake yalikuwa na makovu, alisema, lakini ya zamani, yaliyotulia, na kwa umri wake huenda yasimsumbue. Ya Karani yalikuwa safi. Arudi kila mwaka, lakini kwa sasa, safi.

"Afadhali," alisema baba, akaivaa kofia yake.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali, Karani alishindwa kuendelea kutembea.

"Ilikuwa niingie mimi," alisema. "Kwenye lile shimo la unga. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Nililia, akaingia yeye. Kila siku akaingia yeye, baba, miaka minne."

Baba hakuwa na habari za shimo. Alikuwa getini, akihesabu watoto.

"Ulikuwa na miaka mingapi? Saba?"

"Saba."

"Mtoto wa miaka saba hana kosa."

"Na yeye alikuwa na kumi."

Wakasimama pale, watu wakiwapita na mifuko ya dawa, mpaka jua likahama na kivuli kikawakimbia.

Miezi iliyofuata Karani aliwatafuta wafanyakazi wa kaka yake mmoja baada ya mwingine, kama daktari alivyomwomba. Wawili walikuwa wameshakufa, na mama wa mmojawao, aliposikia swali, alisema tu, "Kikohozi," akaingia ndani. Wengine walimpokea kwa vicheko vya zamani, "Karani! Umeniandika?", naye akalazimika kusubiri wamalize kucheka ndipo aseme alichokuja kusema. Mmoja, dereva mnene mwenye sauti kubwa, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa hasira, "Kwa hiyo unataka nizichukie zile siku?" Alimwachia jina la daktari, akarudi zake.

Baba alikuwa haji kwa Karani wala kwa wifi. Alhamisi zilipita. Karani alipokwenda kwake alimkuta amelala kitandani mchana, au wapangaji wenzake walimwambia ametoka, na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Hakugonga mara ya pili. Alielewa kwamba kumtazama binti aliyebaki kulikuwa kunamwumiza kama kumkumbuka yule aliyeondoka.

Kisha asubuhi moja, karibu mwaka kutimia tangu mazishi, alimwona akija kwa mbali upande wa kivulini, polepole, na mfuko wa karatasi kwapani. Aliingia, akasalimia, akauweka mfuko mezani. Ndani kulikuwa na suruali yake nzuri.

"Inanivuka," alisema.

Karani akachukua utepe, akapiga magoti, akauzungusha kiunoni mwa baba yake. Alihisi mifupa ya nyonga kupitia shati. Alisoma namba, akaisoma tena, akaiandika kwa chaki kwenye ubao wa meza. Mkono wa mzee ukashuka, ukasita hewani, ukamgusa kichwani kidogo tu, kama anayejaribu kama pasi ina moto.

"Usiibane sana," alisema.

"Sitaibana, baba."

Akaketi kwenye benchi kumsubiri, na cherehani ikaanza kulia.