Chanzo cha Nakshi

Kanuni ya Mwalimu Anselm ilikuwa moja, nayo ilikuwa kali kuliko zote chuoni: nakshi isiyo na chanzo haipati alama. Kila mwanafunzi wa sanaa aende kwao, atafute mapambo ya wazee, kisha aandike kwenye kadi ameyapata kwa nani.

Teresia, kwa heshima zote anazostahili mvivu, hakumtafuta mzee yeyote. Aliegemea zizi la baba yake mdogo, Gidion, kule Mbalibali, akaona alama iliyochomwa kwenye paja la ng'ombe mmoja: ndoano yenye nukta mbili. Akaizungusha kwenye kibuyu kwa waya wa moto, kikapendeza mno. Kwenye kadi akaandika kwa mwandiko wa kiaskofu: "Nilifundishwa na marehemu bibi yangu."

Siku ya mtihani wa mwisho, mkaguzi mgeni alikuwa Bibi Robi, mchoma vibuyu kutoka Machochwe. Wazazi waliketi nyuma, Gidion miongoni mwao. Bibi alipita meza kwa meza, akisifu kidogo na kuguna sana, hadi akafika kwa Teresia.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alipitisha kidole juu ya ndoano, mara mbili.

"Nisomee kadi."

Teresia akasoma.

"Marehemu! Basi mimi ni maiti, mjukuu wangu. Hii ni alama ya boma letu, haichomi mwingine. Na ng'ombe wangu mwekundu mwenye alama hii aliibwa kabla ya mvua za vuli. Umemwona wapi?"

Mwalimu Anselm, mtu wa Bukoba aliyekuwa na mapenzi makubwa na urithi wa wazee, alionekana kuanza kuuogopa.

"Ameitunga tu huyo," Gidion akasema, akicheka peke yake. "Sema umeitunga, mwanangu."

Kuitunga maana yake sifuri, na sifuri maana yake hakuna cheti. Lakini kusema kweli ni kumtaja, mbele ya watu wote, mtu aliyemlea tangu baba yake afariki. Teresia akageuka kumtazama. Gidion hakuwa akicheka tena.

Akachukua kalamu. Akamkata marehemu kwa mstari mmoja, akaandika chini yake kwa mwandiko wake mwenyewe, mbovu: "Ng'ombe mwekundu. Zizi la baba mdogo, Mbalibali."

Mwalimu, kwa mazoea ya kazi, akaisoma kwa sauti kabla hajaelewa anasoma nini.

"Nilimnunua mnadani!" Gidion akafoka.

"Vizuri, mura, kijana wangu," Bibi Robi akamjibu. "Utamtaja aliyekuuzia."

Kiti kikaanguka. Gidion alikuwa ameshafika mlangoni. Alimtazama Teresia mara moja, akatoka.

Bibi akakikwapua kibuyu. "Hiki kinakwenda kwa mtendaji wa kijiji, na aliyekichoma anakwenda nacho kutoa ushahidi. Mwalimu, mpe alama zake upesi, hatuna muda."

Mwalimu Anselm akaandika. Teresia hakuangalia ni ngapi. Alikuwa akisikiliza pikipiki ya baba mdogo ikiwaka huko nje, ikishika njia ya Mbalibali, kwenye zizi.